Rufford, Wenner-Gren, Gates au Wellcome: granti ipi ya kuanza nayo ukiwa mhadhiri kijana?

Tangu USAID, shirika la misaada la Marekani, ifungwe 2025 na pesa nyingi za utafiti za serikali ya Marekani kukatwa au kugandishwa, watu wanaokuja ofisini kuuliza habari za faundesheni, yaani taasisi zinazotoa pesa za utafiti, wameongezeka mno. Zamani alikuwa anakuja mmoja mmoja, sasa hivi asubuhi nakuta wawili watatu wamekaa kwenye benchi na laptopu zao wananisubiri, na swali ni lile lile: niombe wapi? Kazi yangu ni kuwasaidia wahadhiri na wanafunzi wa uzamivu kutafuta granti na kuandaa maandiko ya kuiombea, nimeifanya miaka kadhaa, nimeona maandiko mazuri yakikataliwa na ya kawaida yakipita, na mara nyingi tofauti haikuwa kwenye sayansi, mtu alikuwa amegonga mlango usio wake. Kwahiyo naweka hapa milango minne ninayoulizwa zaidi, nailinganisha kwa vile vitu vinavyoamua kweli, afu nagusa na swali ambalo watu wanalikumbuka wakishachelewa: nani akusaidie kuandika.

Msimamo wangu nausema mwanzoni kabisa. Kama hujawahi kushika granti yenye jina lako, anza na ndogo. Paundi elfu sita ukiwa wewe ndo mtafiti mkuu zitakufaa zaidi kuliko kuwa jina la saba kwenye mradi wa milioni mbili unaosimamiwa na chuo cha Ulaya, ambako wewe unakusanya data, unapelekewa posho, na makala ikitoka unajitafuta kwenye orodha ya waandishi. Najua wakubwa wengi vyuoni wanashauri kinyume, wanasema usipoteze muda na pesa za mboga. Mi nimeshaona hao wa pesa za mboga wanavyopanda, na nimeona waliosubiri kubwa wakafikisha miaka arobaini na CV haina hata granti moja.

Sasa, kosa la kwanza watu wanalofanya ni kulinganisha faundesheni kwa kiasi cha pesa. Linganisha kwanza kwa swali hili: hawa watu wanalipia nini? Nitatumia mfano wa mtu mmoja niliyekaa naye sana, dada mmoja mhadhiri msaidizi, yuko kwenye PhD yake hapa hapa Tanzania, anafanya utafiti wa pweza Songosongo kule Kilwa. Pale wavuvi wanafunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa pweza wakue, afu wanafungua, na yeye anataka kujua ufungaji ule unaleta nini na unamgusa nani, hasa wanawake wanaochokoa pweza kwa miguu maji yakitoka. Mada moja, data zile zile, ila kila mlango unaitaka kwa sura tofauti.

Rufford ni faundesheni ya Uingereza, wanalipia uhifadhi wa viumbe na mazingira kwenye nchi zinazoendelea. Granti ya kwanza imekuwa ikicheza kati ya paundi 5,000 na 7,000, ukimaliza na ripoti yako ikakubalika unaomba ya pili, afu zinafuata za juu yake, yaani ni ngazi. Hawajali sana kwamba huna PhD, wanafunzi wa masters wanapata. Wanataka wadhamini watatu wanaokujua wewe na kazi yako. Kitu ambacho hawakitaki, na wamekiandika wazi, ni utafiti wa kitaaluma mtupu usio na faida inayoonekana kwa uhifadhi. Kwa hiyo kwa Rufford, yule dada anatakiwa aseme baada ya mwaka mmoja kamati ya kijiji itakuwa na nini mkononi ambacho leo haina. Ajibu hilo na mlango uko nusu wazi.

Wenner-Gren ni kinyume kabisa, na hapa ndo watu wanapochanganya sana. Iko New York, ilianza 1941 ikiitwa Viking Fund, na inalipia anthropolojia, pamoja na akiolojia na mambo ya asili ya binadamu. Granti ya utafiti wa uwandani kwa wanafunzi wa PhD inafika dola 25,000, utaifa wowote unaruhusiwa, na msimamizi wako anahusika kwenye maombi. Hapa ukiandika kwamba utawajengea uwezo wanakijiji na kuchangia uchumi wa bluu, umeshajipunguzia nafasi mwenyewe, manake wanatafuta swali. Mwambie mpitiaji ni kitu gani hatukielewi kuhusu binadamu ambacho Songosongo itatusaidia kukielewa: nani ana haki ya kufunga bahari, haki hiyo imetoka wapi, mwanamke asiye na boti anadai vipi sehemu yake ya mwamba. Pweza anabaki nyuma kidogo, watu wanakuja mbele. Nimewaona watu watatu hivi wakichukua andiko lililofaulu Rufford, wakalitafsiri kidogo, wakalituma Wenner-Gren, likarudi. Halikuwa baya. Lilikuwa linajibu swali la mtu mwingine.

Gates, hawa wanajulikana na kila mtu na ndo wanaoulizwa kwanza. Faundesheni hii ina ajenda yake, imeshaamua matatizo gani inataka yaishe: malaria, vifo vya watoto na mama, lishe, chanjo, kilimo cha wakulima wadogo. Wanatoa mwito wenye mada, we unajibu mada. Mwaka 2008 walianzisha Grand Challenges Explorations, ikawa maarufu kwa sababu maombi yalikuwa kurasa mbili tu, hukuhitaji data za awali, na ukishinda unapata dola 100,000, ikifanya kazi unaweza kuomba mpaka milioni moja. Miito ya Grand Challenges bado inatoka, mingine kupitia Science for Africa Foundation pale Nairobi, lakini kila mwito una masharti yake kwahiyo usitumie kumbukumbu ya mwaka juzi. Mei 2025 Bill Gates alitangaza faundesheni itafungwa mwisho wa 2045 na kabla ya hapo itatumia dola bilioni 200 hivi, manake kwa anayeanza leo hawa watu wapo kwa kazi yako yote karibu. Kwa dada wa pweza? Hapana. Niliangalia mwito uliokuwepo, ukawa unahusu kitu kingine kabisa, yeye akawa anajaribu kumgeuza pweza kuwa lishe ya mjamzito ili aingie. Nikamwomba aache. Ukipinda utafiti wako ufanane na mwito, hata ukishinda utakaa miaka miwili unafanya kazi usiyoiamini na usiyoijua vizuri.

Wellcome wao ni London, walizaliwa na wosia wa Henry Wellcome aliyefariki 1936, na ni wa afya, ila afya kwa upana kweli kweli, mpaka wanahistoria na wanasosholojia wa afya wanaingia. Wamejiwekea maeneo matatu makubwa, magonjwa ya kuambukiza, afya ya akili, na tabianchi na afya, na pembeni wana granti za kumwamini mtafiti na wazo lake. Ile ya wanaoanza, Early-Career Award, inalipa mshahara wako na juu yake mpaka paundi 400,000 za gharama za utafiti, kwa kawaida miaka mitano, na mtu aliye kwenye chuo cha Tanzania au Kenya anaweza kuomba kwa jina lake mwenyewe bila kupitia mzungu yeyote. Hiyo ni zaidi ya mara 50 ya Rufford. Wanataka uwe umemaliza PhD na hujakaa sana baada yake, miaka kama mitatu ya uzoefu hivi, kwahiyo ni dirisha linalofunga. Na wana historia ya kukaa: kituo cha Kilifi, KEMRI-Wellcome, kipo tangu 1989, watafiti kibao wa Kenya wamelelewa pale mpaka wakawa viongozi wa programu. Lakini Wellcome inamwangalia mtu. Ukipita hatua ya maandishi unaitwa kwenye mahojiano, na pale hawakuulizi mradi tu, wanataka kuona umeshaendesha nini, nani amekulea, chuo chako kinakupa nini. Hapo ndo ile granti ndogo ya paundi 6,000 inaanza kuongea kwa niaba yako.

Upande wa muda, Rufford unaomba wakati wowote wa mwaka, hakuna dedilaini moja ya kukimbizana nayo, na hii kwa mhadhiri mwenye madarasa matano na mitihani ya kusahihisha ni baraka. Wenner-Gren wana tarehe mbili, 1 Mei na 1 Novemba. Gates ni mpaka mwito utoke, na ukitoka unaweza kuwa na wiki chache tu. Wellcome wana raundi zao, ila kwa uzoefu wangu hesabu mwaka mzima tangu siku unayoanza kuandika mpaka siku pesa inaingia, na usishangae ikizidi.

Upande wa pesa ya chuo, zile gharama za taasisi ambazo wengine wanaziita ovahedi, hapa kuna ugomvi kila wiki. Wenner-Gren hawalipi kabisa. Rufford pesa ni ndogo mno, hakuna cha kukata pale. Gates wana kikomo chao kwa vyuo. Wellcome kwa taasisi za nchi zetu wanaruhusu kiasi. Sasa vyuo vingi vina sera ya kukata asilimia fulani kwenye kila granti inayoingia, na mhasibu anaifuata sera bila kuangalia barua ya mfadhili. Nimeshuhudia kijana mmoja akikatwa asilimia kwenye granti iliyokataza kukatwa, ikabidi tumwandikie mfadhili kumweleza, miezi minne ikapotea, msimu wa mvua aliokuwa anausubiri ukapita. Uliza kabla. Chukua ile aya ya mfadhili inayosema hatulipi gharama za taasisi, iprinti, mpelekee mhasibu mkuu na mkuu wako wa idara kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, omba wasaini kwamba wameiona. Inaonekana kama ujeuri lakini kwa kweli inawalinda wote.

Na kukataliwa nako kunatofautiana. Kwenye granti ndogo unaweza kupata jibu fupi tu. Wenner-Gren wanakuruhusu urudi na kueleza umerekebisha nini, kwahiyo kukataliwa mara ya kwanza ni sehemu ya safari. Usifute andiko kwa hasira.

Ngoja nikae kidogo kwenye bajeti manake ndo inayoangusha wengi na haizungumzwi. Yule dada alikuja na mstari umeandikwa "ukusanyaji wa data uwandani, siku 30" na kiasi mbele yake. Nikamuuliza kwanini 30? Akasema nimekadiria. Nikamuuliza pweza wanachokolewa lini? Akacheka, akasema bamvua bwana, maji yakitoka sana, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Basi tukaandika hivo hivo: bamvua mbili kwa mwezi, siku tatu kila bamvua, miezi sita, jumla siku 36. Boti kutoka Kilwa kwenda na kurudi mara 12. Petroli ya lita ngapi kwa safari moja. Mizani miwili ya kupimia pweza, wawili kwa sababu mmoja ukiingia maji ya chumvi umekwisha. Madaftari yasiyolowana. Posho ya wanawake wanne wa kijiji wanaohesabu, kwa siku, siku 36. Hela iliongezeka kidogo tu kuliko makadirio yake ya mwanzo, lakini sasa mtu aliyekaa London anasoma ile bajeti na anaona kabisa huyu binti anaijua bahari ile. Andiko lenyewe lilikuwa zuri, ila naamini bajeti ndo iliyompitisha.

Na sentensi ya kwanza. Ya kwake ilikuwa inaanza "Bahari ni rasilimali muhimu kwa uchumi wa taifa letu", ambayo kila mtu anaandika. Tukaitoa, tukaweka ile aliyonisimulia mdomoni wakati tunakunywa chai: kwamba siku ya kufungua mwamba, boti zinafika mapema na wapiga mbizi wanaanza maji yakiwa bado marefu, wanawake wakifika kwa miguu wanakuta mashimo yameshaguswa. Sentensi mbili. Hapo hapo tatizo linaonekana, swali linaonekana, na faida inaonekana, na nilifurahi kuona ilifaa Rufford na Wenner-Gren wote wawili, kinachobadilika ni aya inayofuata.

Kuna milango mingine naitaja haraka. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, ofisi zake ziko Zanzibar, ilianzishwa 1993, ina programu za granti za sayansi ya bahari kwa ukanda wetu huu, MARG kwa wadogo na MASMA kwa timu, na kama we ni mtu wa bahari na hujawahi kuiangalia, iangalie kabla ya yote niliyosema juu. IFS (International Foundation for Science) ya Stockholm ilianza 1972, imewabeba wanasayansi wachanga wengi wa Afrika kwa granti ndogo, na imekuwa ikiangalia umri, kwahiyo soma masharti. Gerda Henkel ya Düsseldorf kwa watu wa historia na akiolojia, wale wa Kilwa na miji ya zamani ya mwambao wanafaa sana pale. CARTA, mtandao wa vyuo vya Afrika unaolea wanafunzi wa PhD, kama upo kwenye afya ya jamii na chuo chako ni mwanachama. Hizi sizifananishi kwa undani manake kila moja inahitaji maelezo marefu.

Sasa kuzitafuta. Watu wengi wanalipia orodha, au wako kwenye magrupu ya WhatsApp ambako mtu anarusha linki ya mwito ulioisha mwezi uliopita. Huduma za kulipia kama Research Professional au ile direktori ya Candid ni nzuri ikiwa chuo kimelipia, uliza maktaba, saa nyingine kimelipia na hakuna anayejua. Lakini kuna njia ya bure ambayo mimi naiona bora. Faundesheni binafsi za Marekani zinalazimika kila mwaka kujaza fomu ya kodi inaitwa 990-PF, ni ya wazi kwa umma, na ndani yake kuna orodha ya kila granti waliyotoa, nani kapata, kiasi gani. Unaipata bure kwenye Nonprofit Explorer ya ProPublica. Kwa Uingereza kuna GrantNav, bure pia, unaandika "Tanzania" au "Kenya" unaona nani kampa nani shilingi ngapi. Tovuti ya faundesheni itakwambia wanapenda nini, zile orodha zitakuonyesha wamelipa nini. Kama faundesheni imejitangaza inafadhili Afrika lakini miaka mitatu mfululizo pesa zote zimeenda vyuo vya Boston na Washington, basi we unajua. Na Rufford wameweka tovutini miradi waliyofadhili pamoja na ripoti zake, tafuta za nchi yako, soma kumi, jioni moja inatosha na utajifunza kuliko semina ya siku mbili.

Kitu kingine kinachohusiana na hapo: faundesheni binafsi ya Marekani ikitaka kutoa pesa nje ya nchi yake, sheria ya kodi inaipa kazi ya ziada ya kuthibitisha mpokeaji au kufuatilia matumizi kwa karibu. Taasisi za serikali za nje zina nafuu kwenye sheria hiyo. Kwa hiyo mhadhiri wa chuo cha umma ana kitu mkononi ambacho hata hakijui, na aliye chuo binafsi ajiandae kuulizwa nyaraka nyingi, katiba ya chuo, hesabu zilizokaguliwa, na asione kama anabaguliwa. Waandikie maafisa wao mapema, barua pepe fupi tu, uulize taasisi yangu inakubalika? Wanajibu.

Halafu nani akusaidie kuandika. Kuna njia tatu na nitazipima kama nilivyoziona. Ofisi ya utafiti ya chuo ni bure, inajua saini za nani zinahitajika, inajua vibali, yaani COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, NIMR kama unagusa afya za watu, TAWIRI kama ni wanyamapori, na vibali ndo vinaua ratiba kuliko kitu kingine chochote. Udhaifu wetu ni kwamba tuko wachache na hatujui fani yako kwa kina. Wa pili ni mtu aliyewahi kushinda granti hiyo hiyo. Huyu ndo bora kuliko wote, hata kama yuko Mwanza na we uko Mombasa, mwandikie kwa adabu, "Shikamoo Daktari, niliona ulifadhiliwa na fulani, naomba kama itawezekana nione namna ulivyoweka muhtasari wako", wengi wanakubali manake na wao walisaidiwa. Kama huna mtu kabisa, AuthorAID wanaunganisha watafiti na walezi na wana kozi za mtandaoni bila malipo, na unaweza kumpata mlezi huko.

Wa tatu ni mwandishi wa kulipwa. Hapa naomba mnisikilize. Mtu anayekuja na kusema nitakuandikia, ukishinda nipe asilimia kumi, mkatae. Waandishi wa kazi hii wenye maadili hawalipwi kwa asilimia, na mfadhili hakubali pesa ya utafiti imlipe mtu kwa kazi iliyofanyika kabla ya granti kuanza, kwahiyo hiyo asilimia utaitoa wapi? Utaiba kwenye petroli ya boti. Kingine, andiko lake linakuwa safi na halina bahari ndani. Kwenye mahojiano ya Wellcome utaulizwa swali la pili na la tatu juu ya kitu ambacho hukukifikiria wewe. Kumlipa mtu akusahihishie Kiingereza kwa bei mliyokubaliana, hilo ni sawa kabisa na mi nalishauri.

Basi nikuambie ningechagua vipi. We ni masters au PhD na kazi yako inagusa mazingira: Rufford, mwezi huu, na WIOMSA ukiwa wa bahari. PhD na swali lako ni la watu, mila, mamlaka, historia ya karibu au mabaki ya kale: Wenner-Gren, na jipe miezi minne kabla ya dedilaini, msimamizi asome mara mbili. Umemaliza PhD juzi, uko kwenye afya kwa maana yoyote: anza kujipanga kwa Wellcome sasa hivi, ila tafuta granti ndogo moja uiendeshe huku unaandika, na usiache dirisha la miaka mitatu lipite. Una wazo la maabara au teknolojia linalokaa ndani ya mwito wa Gates bila kupindwa: ingia, hata kama hujulikani, manake wao waliwahi kuwapa wasiojulikana. Ukiwa na mwenzako Ulaya anayekuita kwenye mradi mkubwa usimkatalie, ila kabla ya kusaini uliza mambo matatu kwa maandishi: bajeti yangu nitaishika mimi, data zitahifadhiwa wapi, na makala ipi nitakuwa mwandishi wa kwanza.

Yule dada wa Songosongo alipata Rufford kwenye jaribio la pili. Wenner-Gren walimkataa mara moja, sasa hivi anaandika maelezo ya marekebisho, Novemba inakuja. Katikati hapo timu moja ya nje ilimfuata ijiunge naye, manake ripoti yake iko tovutini na data za bamvua kumi na mbili anazo yeye peke yake. Walimtumia rasimu ya bajeti ambayo yeye alikuwa kwenye mstari wa wasaidizi wa uwandani. Akaniletea tuiangalie, tukairudisha na jina lake likiwa kwenye mstari wa pili kutoka juu kama mtafiti mkuu mwenza, na pesa za Songosongo zikipita kwenye akaunti ya chuo chake. Wiki iliyofuata walijibu kwa aya moja, wamekubali.